Safi ya Saa Moja Asubuhi

Punta Uvero, 6 Mei

Kwa Daktari Landy Uicab,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ndiye Eneida Marrufo, yule uliyemfundisha mwezi uliopita kujaza fomu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ndani ya bahasha hii mna fomu za siku kumi na nne. Kila siku saa moja kamili asubuhi nimesimama kwenye nguzo yenu ya njano mbele ya kikanisa, nikatazama hatua thelathini kushoto na thelathini kulia kama ulivyoagiza, nikaweka alama. Visanduku ni vinne, Safi, Kidogo, Wastani, Mwingi, nawe utaona mwenyewe kwamba siku zote kumi na nne ni Safi. Nimefurahi kukuletea habari njema.

Najua hukuomba barua, uliomba fomu. Lakini mimi siwezi kutuma karatasi tupu kwa mtu bila salamu, mama yangu angefufuka anichape. Tangu kimbunga kiangushe mnara wa simu tumerudia kalamu, na don Gaspar wa gari la mikate amekubali kukuletea bahasha Jumanne na Ijumaa, bure, mradi nimwombee goti lake.

Nikwambie pia kwa nini nimeipokea kazi isiyo na mshahara. Mimi ni mtunza kikanisa cha Bikira wa Karmeli. Kila tarehe kumi na sita Julai, sikukuu yake, sanamu yake tunaipandisha mashuani, wavuvi wote nyuma yake, mpaka kwenye mwamba na kurudi. Ndivyo ilivyokuwa tangu bibi yangu akiwa msichana. Mwaka juzi sargaso ilijaa pwani, mwani ule wa kahawia unaoujua kuliko mimi, na mashua hazikutoka. Mwaka jana tulijaribu. Injini zilikula mwani zikazimika maji yakiwa kiunoni. Bikira tukamzungusha uwanja wa mpira juu ya pikapu ya don Gaspar, katikati ya matangazo ya bia. Nililia mbele za watu.

Sasa Padre Anselmo, ambaye anakaa mjini na kuja kwetu mara moja kwa mwezi, ameletewa karatasi na askofu. Bikira asipotoka kwenda baharini katika sikukuu yake mwaka huu, ikifika Agosti atahamia kanisa la mjini, kwenye gati lenye ukuta wa mawe. Na padre anasema ataamua kwa utabiri wenu, si kwa kelele zetu.

Kwa hiyo Bikira yuko mikononi mwako, mwanangu. Samahani nimekuita mwanangu. Nina binti wa rika lako Mérida.

Usinicheke mwandiko. Viganja vina malengelenge.

Wako katika Bwana,
Eneida Marrufo


Chetumal, 13 Mei

Doña Eneida,

Asante kwa fomu. Nina waangalizi kumi na wanane pwani nzima na hakuna anayekufikia: hakuna siku iliyorukwa, hakuna doa la kahawa. Na asante zaidi kwa barua. Sijapata barua ya mkono tangu bibi yangu alipofariki. Niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba ungali begani.

Ngoja nikueleze fomu zako zinafanya nini. Setilaiti hupita juu na kutuonyesha mikeka ya sargaso ikielea huko mbali, mingine mipana kuliko kijiji chenu mara mia. Tukijua upepo na mkondo, tunajua inaelekea wapi na itafika lini. Hapo ninajiamini, si kwa majivuno, ni kazi yangu ya miaka tisa. Ila kuna kitu kimoja setilaiti haikioni vizuri, nacho ni hatua za mwisho. Mkeka umefika mlangoni: umeingia au umepita? Hilo lazima mtu asimame pale aone. Mimi nina jicho la juu, wewe una jicho la chini.

Ndiyo maana nakuuliza. Tarehe 29 Aprili na 3 Mei niliona mikeka mikubwa ikija moja kwa moja kwenu. Mwangalizi wa jirani, kusini yenu, aliandika Mwingi siku zote mbili. Wewe uliandika Safi. Una uhakika ulisimama kwenye nguzo ileile? Si kwamba nakushuku. Nina wazo juu ya mwamba wenu na sitaki kulijenga juu ya mchanga.

Kuhusu Bikira, mimi si mtu wa kanisani sana, nisikudanganye. Lakini utabiri wa Julai nitaufanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Landy Uicab


Punta Uvero, 27 Mei

Daktari mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. (Kwa kawaida mtu hujibu "Milele amina", lakini sikulazimishi.)

Uhakika ninao. Nguzo ni ileile. Na safi niliyoiandika ni safi ya kweli, siyo ya kubahatisha. Saa moja asubuhi mbele ya kikanisa unaweza kumlaza mtoto mchanga juu ya mchanga akalala. Siwezi kukuandikia safi ambayo siyo, maana naandika huku Bikira ananitazama, mlango ukiwa wazi.

Taarifa yako ya wiki nimeibandika ukutani kwenye kikanisa, inayosema Punta Uvero "Kidogo". Wifi yangu Nelvy, dada wa marehemu mume wangu, akaisoma kwa sauti mbele ya wavuvi. "Kidogo! Huyo daktari wako anatazama bahari ya nchi gani?" Nikamwambia, "Nelvy, huu ni utabiri. Unasema ya kesho. Wewe unatazama ya jana." Akasema, "Basi hiyo kesho yenu ina miguu mifupi." Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nimekaa miaka ishirini na tano nikingoja vitu visivyoonekana, siwezi kushindwa kungoja taarifa ya wiki moja.

Nisamehe nikikuchosha na mambo yangu. Huwa naamka saa kumi na moja, siku nyingine saa kumi, kwa kazi za mlangoni pa Bikira. Mgongo unalalamika lakini moyo hauna neno. Binti yangu wa Mérida, Suemy, ni mjamzito, anajifungua mwezi wa sita. Na medali yangu ya fedha, ile mume wangu alinivalisha siku ya ndoa, imekuwa nyeusi kama kijiko cha masizi. Naisugua kwa majivu na ndimu, inang'aa, baada ya siku mbili nyeusi tena. Nelvy anasema ni dhambi zinatoka. Ninyi wasomi mnasemaje?

Nimekufungia mkate mtamu wa don Gaspar ndani ya leso. Leso urudishe.

Eneida


Chetumal, 6 Juni

Doña Eneida,

Leso hiyo hapo, imefuliwa. Mkate haukufika hata kwenye ngazi ya ofisi.

Nina habari, na nimeshindwa kungoja mtu mwingine akuambie. Siku arobaini na tano za Safi, wakati majirani zako pande zote mbili wanazama! Nimechora ramani ya mwamba wenu upya. Kuna mlango upande wa kusini, na naamini mkondo unaoingia pale unazunguka na kuusukuma mwani nje kabla haujatua. Juzi nilisimama mbele ya watu arobaini, mabosi wote na wageni kutoka mji mkuu, nikawaambia kuna ghuba inayojilinda yenyewe, nikataja jina: Punta Uvero. Walinipigia makofi. Mkuu wangu, ambaye hasifu hata chakula cha mkewe, alisema, "Uicab, hiyo ni kazi."

Kwa hiyo nimeirekebisha hesabu ya utabiri kwa upande wenu. Nakuletea taarifa ya Julai, nakala nyingine imekwenda kwa Padre Anselmo. Utaona pwani yote imepakwa rangi nyekundu, na katikati pana kidole kimoja cha kijani. Hapo ni kwako. Tarehe 16 Julai: Kidogo.

Mwambie wifi yako kesho imeota miguu.

Landy

N.B. Kuhusu medali: labda ni jasho.


Punta Uvero, 10 Juni

Mwanangu Landy,

Tumsifu Yesu Kristo, na leo asifiwe mara mbili.

Padre Anselmo alikuja Jumapili. Alifika saa tano akavaa miwani, akaisoma taarifa yako toka altareni baada ya Injili, neno kwa neno, na kile kidole cha kijani akakiinua watu wakione. Akasema, "Ghuba inayojilinda yenyewe, hivyo ndivyo sayansi inavyoita. Sisi tunajua Nani anailinda." Kisha akatangaza: sikukuu ni hapa hapa, Bikira anatoka pwani yetu, na karatasi ya kumhamisha itasubiri. Wazee wakapiga makofi ndani ya kanisa, jambo tusilolifanya. Mimi nilimtazama Bikira nikamwambia kimoyomoyo, umeona?

Wavuvi ndio walikuwa wanatazamana, lakini wavuvi hata ukiwapa samaki wanauliza miiba.

Ijumaa nakwenda Mérida, Suemy amepata uchungu wa kwanza kisha ukatulia, nataka niwepo. Nitakaa kama siku kumi na tano. Fomu nimemwachia Nelvy. Ana mdomo lakini ana macho. Nilimwomba anishikie na yale mengine ya asubuhi, akakataa katakata. "Bikira hakunizaa niwe punda wake." Basi, siku chache hazitaleta neno.

Niombee mjukuu. Hata wasio wa kanisani wanasikilizwa.

Eneida


Punta Uvero, 24 Juni

Daktari,

Mimi ni Nelvy, wifi yake Eneida. Hizi hapa fomu zako, siku kumi na moja. Mwingi, Mwingi, Mwingi, Mwingi, Wastani, na kadhalika mpaka chini. Leo mwani umefika magotini na mimi si mfupi. Ungekuwa na kisanduku cha Balaa ningetia alama hapo.

Barua sijui kuandika kama yeye. Hiyo ndiyo barua.

Nelvy Tun


Chetumal, 26 Juni

Doña Nelvy,

Asante kwa kujitolea. Naomba usinielewe vibaya, lakini fomu zako hazilingani hata kidogo na rekodi ya miezi miwili ya hapo. Inawezekana umesimama kwenye nguzo tofauti? Iko moja ya mipaka karibu na bandari ya wavuvi, nayo ina rangi ya manjano iliyopauka. Nguzo yetu iko mbele ya kikanisa. Pia kumbuka ni hatua thelathini tu kila upande, siyo ufuko mzima. Kipande hicho hakipokei mwani kwa sababu ya mkondo.

Ningeshukuru kama ungejaza upya.

Dkt. Landy Uicab


Punta Uvero, 27 Juni, don Gaspar anapiga honi

Daktari,

Nimezaliwa hapa miaka hamsini na mbili. Nguzo yako naijua, na mbwa wa kijiji kizima wanaijua, wanaikojolea kila asubuhi. Hatua nimezihesabu thelathini na thelathini, na mwani hausomi ramani yako.

Unataka kujua kwa nini pale huwa safi? Muulize Eneida ule mlima nyuma ya kikanisa umetoka wapi. Muulize reki yake mpya ya nini na toroli la marehemu kaka yangu limetoboka kwa nini. Mtu mzima anaamka kabla ya jogoo, anasomba sargaso peke yake hatua sitini, saa moja anajipangusa mikono, anavaa miwani, anaandika Safi. Sisi tulidhani unajua! Tulidhani ndiyo kazi mliyompa!

Kidole cha kijani, eti. Hicho ni kidole cha Eneida.

Nelvy


Punta Uvero, 1 Julai

Mwanangu,

Nimerudi Jumamosi. Mjukuu ni wa kike, ana nywele tele. Nelvy akanipokea stendi na barua yako mkononi, akanisomea njia nzima mpaka nyumbani, na mimi nikawa nasikia masikio yanawaka.

Nitakuambia kama ninavyomwambia padre, bila kuzunguka.

Ni kweli. Nilikuwa nasafisha. Tangu Februari, siku ya Mama wa Mishumaa, niliweka nadhiri kwa ile aibu ya pikapu: mlango wa Bikira hautakuwa na taka jua likichomoza. Nguzo yenu mkaja mkaipigilia hapo hapo mlangoni. Mkaniambia, saa moja andika unachokiona. Niliona safi, nikaandika safi. Sikukuficha, Landy. Naapa kwa mjukuu. Ni kwamba mgeni akija kwako saa moja, wewe umefagia saa kumi na mbili, na humwambii "karibu, nimefagia". Anaona pamefagiwa, basi. Nani anamwonyesha mgeni ufagio? Ile fomu kwangu ilikuwa mgeni wa kila siku. Nilidhani Safi mnauliza kama ninapatunza.

Sikujua kwamba mnaniuliza bahari imefanya nini. Mimi nilikuwa nawajibu mimi nimefanya nini.

Sasa naona nilichokifanya. Umesimama mbele ya watu arobaini kwa ajili ya reki yangu. Padre ametangaza muujiza altareni, nao ulikuwa mgongo wangu. Na Bikira, ambaye nilitaka abaki, huenda nimemfungashia mizigo kwa mikono yangu mwenyewe. Maana Julai 16 ile ya kijani si ya kijani tena, sivyo?

Sina cha kukulipa. Lakini kuna kitu hiki, sijui kama kina maana kwako. Ni kalenda ya duka la mikate, iliyokuwa inaning'inia kwenye sakristia. Katika kila siku kuna namba. Ni matoroli. Kwa kila toroli lililojaa nilisali Salamu Maria moja, nikimaliza naandika nimesali ngapi. Siku nyingine nne, siku nyingine kumi na saba. Siku ya sifuri nimeandika sifuri. Tangu tarehe 2 Februari mpaka nilipokwenda Mérida, hakuna siku iliyorukwa. Alama za fomu zilikuwa za uongo bila mimi kujua, lakini namba hizi nimezisali. Hizi haziwezi kuwa za uongo.

Leso niliyofungia kalenda usirudishe. Nimekosea sana.

Eneida


Chetumal, 7 Julai

Doña Eneida,

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaifungua kalenda.

Nimelala nayo, nimekula nayo. Unajua ulichonitumia? Waangalizi wangu wote wananipa maneno manne: Safi, Kidogo, Wastani, Mwingi. Wewe umenipa kipimo, siku mia moja na thelathini na mbili, sehemu ileile, mtu yuleyule, toroli lileile. Hakuna mtu mwenye kitu kama hiki pwani nzima. Niliziweka namba zako kando ya picha za setilaiti na zikafungana kama kifungo na tundu lake. Mkeka ukionekana kwenye mstari fulani mashariki yenu, upepo ukiwa wa kusini mashariki, siku ya nne wewe unasali mara kumi na mbili. Upepo ukigeuka kaskazini mashariki, unasali mara mbili au tatu. Kila mara! Mara moja tu haikulingana, tarehe 19 Machi, uliandika sifuri na mimi nilitarajia tisa.

Sasa sikiliza kosa la nani. Fomu ina kisanduku kinachoitwa Safi, wala haisemi safi ya bahari au safi ya reki. Fomu hiyo niliitunga mimi. Uliniambia una malengelenge, sikuuliza. Uliniambia unaamka saa kumi. Uliniambia medali ya fedha inakuwa nyeusi. Doña Eneida, hewa inayotoka kwenye sargaso ikioza ndiyo inayoitia fedha weusi! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nami nikakujibu "labda ni jasho", kwa sababu nilikuwa nimeshalipenda wazo langu. Wale watu arobaini nimeshawaandikia wote. Mkuu wangu aliitazama kalenda dakika nyingi, kisha akaniuliza kama kikanisa kinahitaji toroli jipya.

Na mlima ule nyuma ya kikanisa uondolewe wiki hii, waje wavuvi na pikapu, hewa yake ni mbaya kwa kifua. Hili si ombi.

Haya, utabiri. Huu nauwekea jina langu na sitetereki.

Tarehe 15, 16 na 17 Julai: Mwingi. Mkeka uko njiani, nimeuona, ni mkubwa kuliko wa mwaka jana. Tarehe 16 hakuna mashua itakayotoka Punta Uvero.

Lakini mbele yake kuna mwanya. Upepo unageuka Ijumaa usiku. Tarehe 12 kidogo, na Jumapili tarehe 13, toka alfajiri mpaka adhuhuri, kwa kipimo chako: toroli moja, yakizidi mawili. Maji yatakuwa wazi mpaka kwenye mwamba. Hiyo ya Jumapili naifahamu kama ninavyoifahamu njia ya kwetu.

Sijui kama Bikira anaweza kutoka siku tatu kabla. Hilo liko kwenye kalenda yenu, si yangu.

Landy

N.B. Leso nabaki nayo. Nitaileta mwenyewe.


Punta Uvero, 11 Julai

Landy mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Padre yuko hapa tangu Jumatatu, kwa novena, zile sala zetu za siku tisa kabla ya tarehe kumi na sita. Kwanza nilikwenda kitubioni. Ya huko yanabaki huko, nitakwambia tu kwamba malipizi hayakuwa ya reki. Kisha nikatoka, nikapiga magoti upande wa nje, nikampa barua yako ya tarehe saba.

Aliisoma mara mbili. Akasema, "Doña Eneida, nimetangaza muujiza."

Nikasema, "Ndiyo, padre. Nilikuwepo."

"Na sasa unaniambia nitangaze kwamba Mama wa Mungu anasherehekewa Jumapili kwa sababu ya upepo. Sikukuu ni tarehe kumi na sita. Bikira habadilishi kalenda."

Hapo, mwanangu, sikusikia woga. Mtu aliyekwisha kuaibika ana faida moja, hana kingine cha kuangusha. Nikamwambia, "Padre, naomba uisome tena ile karatasi ya askofu. Mimi neno moja limeniangusha mwaka huu, nimejifunza kusoma maneno."

Akaitoa kwenye breviari, kitabu chake cha sala. Akasoma: asipotoka kwenda baharini katika sikukuu yake.

"Haisemi siku ya sikukuu," nikasema. "Inasema katika sikukuu. Novena imeanza Jumatatu. Tumechinja, tumewasha mishumaa, watoto hawaendi shule. Hii ni nini kama siyo sikukuu? Kitambaa cha kufutia miguu mlangoni?"

Akasema hilo ni neno la mawakili. Nelvy, ambaye alikuwa anasikiliza dirishani bila haya, akatia kichwa ndani: "Padre, harusi yangu ilikuwa siku nne. Nilitoka nje siku ya pili, na hakuna mtu aliyeniambia sijaolewa!"

Padre akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Huyu daktari, safari hii ana uhakika?"

Nikasema, "Safari ile alisadiki fomu yangu. Safari hii amesadiki sala zangu."

Akatoka akaenda kuwaambia wavuvi wajaze mafuta.

Jumapili saa kumi na mbili alfajiri. Basi la kwanza kutoka Chetumal linafika saa kumi na moja na nusu, nitakuwa stendi. Njoo na kofia. Njoo na leso.

Eneida


Punta Uvero, 16 Julai, saa moja asubuhi

Landy mwanangu,

Nakuandikia nimesimama kwenye nguzo, karatasi juu ya kiganja, ndiyo maana herufi zinatembea.

Mwamba bado nauona nikifumba macho. Wewe umekaa mashua ya mbele, umeshika mguu wa Bikira kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto na hajui kumbeba, na mawimbi yakipanda unasema, "Mama wee, mama wee," na Nelvy anakwambia, "Endelea, hiyo nayo ni litania." Maji yalikuwa wazi mpaka chini. Mashua ishirini na saba na hakuna injini hata moja iliyokohoa. Nilihesabu asubuhi ile kabla hujashuka basini: toroli moja. Ulisema moja. Nilisali Salamu Maria ile pole pole kuliko zote.

Jumatatu padre alimwandikia askofu. Ameweka tarehe, majina ya mashua zote, na utabiri wako nyuma yake. Bikira anabaki. Jana askofu amejibu kwa mstari mmoja tu, kwamba hajawahi kuona novena ikisomwa kwa makini hivyo.

Na tarehe 19 Machi, uliyoniuliza kwenye mashua nisikujibu kwa ajili ya upepo: ilikuwa Mtakatifu Yosefu, siku ya jina la marehemu mume wangu. Sikusomba. Nilikaa na picha yake. Sifuri ile ilikuwa yangu, siyo ya bahari. Uirekebishe.

Sasa fomu. Hii mpya uliyoileta, yenye mstari wa juu usemao Kabla ya kugusa chochote, na mstari wa chini wa matoroli.

Sargaso imeingia toka jana jioni. Leo imefika ngazi ya kikanisa. Ni ya kahawia mpaka unapoishia ufuko, inanuka, kuna chupa ndani yake na kiatu cha mtoto. Ni sikukuu ya Bikira, mlango uko wazi, na mbele yake pako hivi. Kila mtu anayekuja Misa ya kwanza anapita na kuniona nimesimama na kalamu badala ya reki. Ninaona haya kama mwanamke aliyefumaniwa na wageni kitanda hakijatandikwa. Lakini ulisema aibu yangu ndiyo kipimo chako. Basi ipokee.

Mwingi. Sijagusa.

Ulisema tarehe kumi na sita, na ni tarehe kumi na sita. Siku moja wewe umesema kweli na mimi nimeandika kweli.

Toroli jipya la mkuu wako linang'aa, nimelibariki kwa maji. Nelvy anakuja huko na reki begani, anasema hajaja kusaidia, amekuja kuona kama kweli Salamu Maria inaingia moja tu kwa toroli au naiba.

Kwa hiyo, mwanangu, funga barua hii mwenyewe kichwani mwako, maana mikono yangu sasa ina kazi.

Tumsifu Yesu Kristo. Ngoja nikusikie ukijibu.

Eneida